Risasi Alizopakia Orrin

Jumamosi, 31 Agosti

Leo nimeketi kwenye benchi la kazi la Orrin. Nimemuoa binti yake miaka mingi sasa, nimemzibia paa, nimembeba mgongoni alipovunjika nyonga, lakini benchi lile lililo kwenye chumba cha chini cha nyumba yake sikuwahi kuligusa. Wiki iliyopita nilipomwomba anifundishe kupakia risasi, alinitazama kama nimemwomba meno yake.

"Una haraka, Lyle?"

"Sina, baba."

"Basi njoo Jumamosi. Mwenye haraka akanunue za dukani."

Asubuhi nzima nimekaa mikono mfukoni nikitazama. Ganda la risasi iliyokwisha kupigwa linasafishwa. Linashindiliwa ndani ya kalibu ya chuma mpaka lirudie umbo lake. Fataki mpya, kile kidonge cha kuwasha baruti, inakaa kitakoni. Baruti inapimwa kwenye mizani, inamiminwa, kisha kichwa kinakalishwa juu. Kila hatua Orrin anaitamka kwa sauti kabla ya kuifanya, kama rubani. Kwenye benchi panakaa kopo moja tu la baruti. Mengine yote yako kabatini.

"Makopo mawili mezani ni sawa na wake wawili jikoni," alisema. "Siku moja utamwita mmoja jina la mwenziwe."

Moshi wa misitu inayoungua huko Idaho umefika mpaka hapa. Milima haionekani.

Jumapili, 1 Septemba

Moshi. Macho yanawasha. Nimeosha basi la shule ninaloendesha.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimepakia risasi zangu kumi za kwanza. Imenichukua saa tatu. Mizani ya Orrin ni ya mkono wa shaba, haina umeme, na ukipumua karibu nayo inatikisika. Nimejifunza kubana pumzi.

Orrin naye alikuwa anapakia za mke wangu Corliss, sanduku zima, kwa ajili ya msimu wa kuwinda elki, kulungu wakubwa wa huku. Humpakia kila mwaka tangu akiwa msichana wa miaka kumi na miwili. Orrin mwenyewe hapigi tena, bega limekataa, ila lazima awepo mlimani. Corliss akishaangusha mnyama humtia ganda tupu kiganjani likiwa bado la moto. Orrin huligeuza, husoma kitako chake, hujiambia, "Kazi nzuri, Orrin." Nimeliona hilo kila msimu.

Huku kwetu mtu atakuazima trekta, gari, hata kitanda chake, lakini hakuna anayepiga risasi iliyopakiwa na mkono wa mtu mwingine. Bunduki inalipukia shavuni, na shavu ni lako. Orrin amewahi kumfukuza kaka yake mwenyewe aliyekuja kuomba sanduku moja. Corliss peke yake ndiye aliyeruhusiwa. Kwao hilo si kuvunja sheria. Wanasema binti si mtu mwingine.

Jumamosi, 14 Septemba

Uwanja wa shabaha. Nilipiga tano kwenye karatasi. Wade Pruitt, jirani yetu wa ng'ombe, alizitazama kwa darubini, akavua kofia.

"Lyle, unapiga karatasi au unaitishia?"

"Ni risasi zangu za kwanza."

"Naona. Kundi hili la matundu nalifunika kwa ndoo. Ndoo kubwa, ya maziwa."

Orrin alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, anacheka mpaka anakohoa. Kisha akamwambia Wade, "Njoo nikupakie sanduku na wewe."

Wade alirudisha kofia kichwani. Watu walikuwa wanafahamu habari ya yule kaka yake Orrin aliyefukuzwa.

"Unanitania, mzee," Wade akasema.

"Nikutanie kwa nini?"

Tulipokuwa tunafunga vitu Wade alinivuta pembeni. "Mkweo mzima?" Nikasema mzima. "Maana mimi sipigi risasi za mtu mwingine hata akipakia malaika. Lakini sipendi kumkatalia mzee."

Jumatano, 18 Septemba

Baridi ya kwanza. Vioo vya basi vilikuwa na barafu.

Jumamosi, 21 Septemba

Leo kundi langu lingefunikwa kwa sahani. Orrin kafurahi.

Jambo dogo. Alikuwa amejaza baruti kwenye safu ya maganda, akachukua tochi akakagua ndani ya kila moja kama afanyavyo siku zote. Kisha akaweka tochi chini na kuanza tena kumimina kwenye ganda la kwanza lililokwisha kujaa. Baruti ikafurika mezani. Aliitazama kwa muda.

"Nimekuonyesha hilo makusudi," akasema. "Ujue linavyokuwa."

Nikasema asante, baba. Nimeandika hapa kwa sababu sijui kama ni kweli.

Jumamosi, 28 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Orrin alipanda juu kupika kahawa. Mimi nilifungua kopo la baruti ya bunduki, ile tunayoitumia siku zote. Baruti hiyo ni vijiti vifupi vyeusi kama majani ya chai. Nikamimina kidogo kwenye kisahani cha mizani. Kati ya vijiti kulikuwa na vipande bapa vya kijivu, vidogo kama magamba ya dagaa. Nikamimina tena. Vipo. Nikatikisa kopo, nikamimina kutoka chini. Vipo zaidi.

Nikafungua kabati. Vipande bapa ni baruti ya bastola, ambayo Orrin huitumia kwa ile bastola yake ya kuulia nyoka. Inaungua upesi mno. Kwenye bastola haina shida. Ndani ya ganda la bunduki, kwa kiasi kile, inaweza kung'oa komeo la bunduki, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, na kulileta usoni kwa mpigaji.

Inavyotokea ni hivi: ukimaliza kazi, baruti inayobaki kwenye kimiminio unairudisha kwenye kopo lake. Mtu aliirudisha kwenye kopo silo. Baruti mbili zikishachanganyika hakuna ungo wa kuzitenganisha.

Orrin akashuka na vikombe. Nilifunika kopo. Sijui kwa nini nilifunika.

"Mbona umekaa tu?"

"Kichwa kinaniuma, baba."

"Ni kubana pumzi huko. Nilikuambia ubane ukisoma mizani, si mchana kutwa."

Tulikunywa kahawa. Alinisimulia jinsi theluji ilivyofunika ghala la ngano alilokuwa meneja wake. Akaisimulia tena.

Sasa nipo nyumbani na ninafikiri. Jumamosi ile tulipopakia zangu kumi na sanduku la Corliss, ni nani aliyekuwa akirudisha baruti koponi? Nadhani ni yeye. Lakini nakumbuka nami nikiwa na kimiminio mkononi. Nilirudisha nini, wapi? Mimi ni mtu wa kufuata utaratibu, abiria wangu ni watoto, nahesabu vichwa kila kituo. Na hili sikumbuki.

Sanduku la Corliss lilipakiwa kutoka kopo lile lile. Lipo kabatini kwetu, juu ya mashine ya kufulia.

Jumapili, 29 Septemba

Kuna nyundo ya plastiki yenye tundu kichwani. Unaingiza risasi, unagonga zege, kichwa kinachomoka, baruti inamwagikia ndani ya nyundo. Nilifungua nne kutoka kwenye sanduku la Corliss. Tatu zilikuwa vijiti vitupu. Ya nne ilikuwa na magamba.

Nilimwita. Alitazama kisahani, mikono ikiwa na unga.

"Hii nini?"

Nikamweleza. Hakuketi.

"Baba ananipakia tangu niko darasa la sita. Wewe una mwezi mmoja."

"Najua."

"Labda ni wewe uliyechanganya."

"Inawezekana."

"Unasema inawezekana? Lyle, hukumbuki?"

"Sikumbuki."

Alirudi jikoni. Nilimsikia anasukuma chapati za viazi, lefse za mama yake, kwa nguvu kuliko zinavyohitaji. Baada ya muda akasema bila kugeuka, "Juzi alinipigia simu kuuliza mama anapenda rangi gani ya pazia."

Mama yake tulimzika miaka tisa iliyopita.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia kijani," akasema.

Jumatano, 2 Oktoba

Tulikwenda wote wawili. Niliweka kisahani mezani mbele ya Orrin. Hakuvaa hata miwani. Aligusa kwa kidole, akakisukuma.

"Nani kafanya hivi?"

"Hatujui, baba," nikasema. "Huenda ni mimi."

Alitikisa kichwa. "Si wewe. Wewe unapima mpaka chumvi ya yai." Kisha akamgeukia binti yake. "Umepiga ngapi?"

"Hata moja."

Akafunika uso. Corliss alipiga magoti, akamshika viganja. Orrin akasema imetosha, benchi sasa ni la Lyle, yeye atakaa kwenye kiti na kunisimamia. Tulitoka naye nje tukamwaga kopo zima kwenye nyasi mbele ya nyumba. Ndivyo tunavyofanya na baruti iliyoharibika, ni mbolea nzuri. Alinipa mkono kama wanaume wanaouziana ardhi.

Nilirudi nyumbani nikisema ni mtu mkubwa kuliko nilivyodhani. Corliss alikuwa analia. Lakini nadhani sote tulikuwa tumepumua.

Alhamisi, 3 Oktoba

Simu ya Orrin, kabla sijavaa viatu.

"Lyle, mtu kaingia kwangu. Kopo la baruti halipo. Usiguse kitu, nampigia sherifu."

Jumamosi, 5 Oktoba

Tumemwambia upya. Amefunika uso upya. "Umepiga ngapi?" "Hata moja, baba." Amenipa mkono upya.

Jumapili, 6 Oktoba

Corliss amempigia kaka yake Dwight, huko Spokane. Dwight anasema mzee ni mzima kumshinda yeye, wamezungumza wiki iliyopita, amemtajia kila mchezaji wa timu ya shule ya mwaka elfu moja mia tisa sitini na moja.

Jumanne, 8 Oktoba

Tena.

Ijumaa, 11 Oktoba

Tena. Safari hii alinikasirikia. Akasema nilimuoa binti yake ili nirithi benchi.

Corliss kaniambia tukiwa garini, "Tusimwambie tena. Kila mara anasikia kwa mara ya kwanza. Sisi tunazoea, yeye hazoei."

Jumatatu, 14 Oktoba

Amenunua kopo jipya. Aliendesha mwenyewe mpaka dukani Lewistown na kurudi. Nilimpigia mwenye duka. Mtu mwema, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bwana Hedstrom, Orrin Tveit alinifundisha mimi na baba yangu kupakia. Aje na pesa zake, ana akili timamu mbele yangu, nimwambie nini?"

Nikasema sijui. Akasema na yeye hajui.

Kabatini kwa Orrin nimetoa baruti ya bastola nikaileta kwetu. Lakini chini ya ngazi kuna makopo mengine ya zamani, na karatasi za majina zimechakaa. Kila nikihamisha moja, ananunua lingine.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua iliyochanganyika na theluji. Kundi langu leo lingefunikwa kwa sarafu ya nusu dola. Wade alitafuta neno la kunikejeli akakosa, akanipiga bega.

Nimefungua risasi zote za sanduku la Corliss. Kila ganda la Orrin lina alama yake, mstari wa wino wa kijani kwenye fataki. Nimeyasafisha, nikapakia upya kwa baruti safi, nikachora mstari wa kijani. Nikamwekea Corliss mezani.

"Hizi ni salama. Ni maganda ya baba. Hatajua."

Alishika moja, akaitazama kitako.

"Umechora vizuri."

"Utazipiga?"

"Nikipiga na nikaangusha, nitampa ganda. Atasema kazi nzuri, Orrin. Jumatatu atampakia Wade, na Dwight akija Krismasi atampakia Dwight." Akairudisha sandukuni. "Na mimi nitakuwa nimesimama pale namdanganya kwa mkono wangu. Siwezi, Lyle. Wewe unafikiri ni hesabu."

Nilifikiri ni hesabu, kweli.

"Basi usiende mwaka huu."

"Nisiende? Atanijia kitandani na bunduki ameishika."

Ijumaa, 25 Oktoba

Kesho msimu unafunguliwa. Orrin amepiga simu mara nne kuuliza saa. Corliss amepaka mafuta bunduki. Sijui atafanya nini na hajaniambia.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tulimchukua Orrin saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa ameketi barazani na koti lake la rangi ya chungwa, chupa ya kahawa mapajani. Njiani aliimba. Barabara ya mlimani ilikuwa na theluji nyembamba. Tuliegesha gari, tukapanda polepole, Orrin katikati yetu, mpaka kwenye gogo la familia yao juu ya bonde.

Mwanga ulipoanza kuingia akatia mkono mfukoni.

"Nyoosha mkono, mwanangu. Nimekuwekea tano. Za jana. Mikono yangu mwenyewe."

Mstari wa kijani kwenye kila moja. Nilimtazama Corliss. Nilitaka kusema. Nilikuwa na sentensi tayari, nimeiandaa wiki nzima, lakini Orrin alikuwa ananitazama kwa tabasamu la mtu aliyeleta zawadi, na sentensi ikakataa.

"Asante, baba," Corliss akasema. Akazipakia zote, moja moja. Akafunga komeo.

Nilihesabu kila dakika ya mwanga ule. Elki walitoka msituni, majike sita na dume nyuma yao, pembe kama mti wa majira ya baridi. Walitembea kuvuka uwazi. Corliss alilala kifudifudi, akaegemeza bunduki juu ya begi, shavu likakaa kwenye kitako cha bunduki, pale pale komeo lingepitia. Mimi nilikuwa nyuma yake. Niliona kidole kinaingia kwenye kifyatulio. Nilifumba macho. Ndiyo, niliyafumba, hilo ndilo nililofanya.

Kimya. Nilipofumbua, dume lilikuwa linaingia miti ya upande wa pili bila haraka.

"Vipi?" Orrin akanong'ona. "Mbona hujapiga?"

"Mbali mno, baba."

"Mbali! Yule ningempiga kwa kijiko!"

"Upepo ulikuwa unageuka."

"Upepo gani? Lyle, wewe umehisi upepo?"

Nikasema nimehisi.

Alicheka njia nzima ya kurudi. Kwenye mgahawa wa barabarani, mbele ya Wade na wanaume wote waliovaa rangi ya chungwa, akatangaza kwamba binti yake aliyekuwa akiangusha dume kwa risasi moja tangu ana meno ya utoto, leo kaliogopa. Wakacheka. Corliss alikunywa supu yake. "Nimezeeka," akasema. Wade hakucheka. Akamsogezea mkate.

Nyumbani Corliss alitoa zile tano kwenye bunduki akanipa.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimezifungua. Nne zilikuwa sawa.

Jumamosi, 2 Novemba

Mlimani. Orrin kampa tano. Jike moja karibu sana. Corliss: "Nimeona ndama nyuma yake." Hapakuwa na ndama.

Jumamosi, 9 Novemba

Hatukwenda. Theluji mpaka magotini. Orrin alipiga simu kuuliza kwa nini tumemwacha barazani.

Jumamosi, 16 Novemba

Mlimani. Tano. Safari hii Corliss alisema amesahau kuvaa miwani ya mbali, ambayo haijawahi kuwepo. Orrin hakumkejeli. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Kila Ijumaa Orrin anapakia. Kila Jumapili mimi nafungua. Mikono yangu imekuwa myepesi, nachomoa kichwa kwa pigo moja. Za wiki hii zote zilikuwa sawa. Nilikaa nikizitazama nikitamani ziwe mbovu, angalau niwe na sababu.

Jumatano, 20 Novemba

Wade kaleta paja la elki, kaliacha mlangoni bila kubisha. Jokofu letu halijawahi kuwa tupu mwezi wa kumi na moja. Hakuna nyumba hapa ambayo haijasikia.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga, viazi, lefse. Orrin aliomba dua ndefu na nzuri, hakukosea jina la mtu hata mmoja. Dwight, aliyekuja na familia yake, alinitazama juu ya meza kama kusema, unaona?

Baada ya chakula Dwight akamwambia Corliss, "Dada, nasikia bunduki imekushinda."

"Imenishinda," akajibu.

Nilitaka kumburuta Dwight mpaka chumba cha chini nikamwonyeshe. Nimwonyeshe nini? Benchi lilikuwa safi kabisa. Kopo moja juu yake.

Jumapili, 1 Desemba

Siku ya mwisho ya msimu. Baridi kali, hewa kavu, bonde lote linaonekana mpaka upande wa pili. Tano za Orrin zikaingia kwenye bunduki. Dume kubwa kuliko lile la kwanza lilisimama ubavu, likatutazama, likakaa hivyo muda ambao mtu angeweza kulipiga kwa macho yaliyofumbwa. Corliss alilaza shavu. Aliliangalia kwenye darubini mpaka likachoka kutazamwa, likaondoka. Hakutoa kisingizio. Alifungua komeo, akatoa risasi moja moja, akazitia mfukoni.

Alitangulia kushuka kuwasha gari. Nilibaki namshika Orrin kiwiko, kwa kuwa njia ilikuwa na barafu. Tulitembea kidogo kidogo. Katikati ya mteremko akasimama, akahakikisha binti yake yuko mbali, akanisogelea mpaka nikaisikia kahawa kwenye pumzi yake.

"Lyle, nikuambie jambo, lakini usimwambie mke wako."

"Niambie, baba."

"Mwangalie. Kuna kitu kinamtoka." Aligusa kipaji cha uso wake kwa kidole. "Mimi ni baba yake, naliona. Dume limesimama vile, naye hakumbuki anatakiwa kufanya nini. Inaanza hivyo hivyo, kidogo kidogo. Usimkasirikie. Ukimkasirikia unamwongezea."

Macho yake yalikuwa na machozi. Huenda ni baridi.

"Utamwangalia?"

"Ndiyo, baba," nikasema. "Nitamwangalia."